Kutoka kitochi hadi simu janja: bei ya boksi ni mwanzo tu

Anayehama kutoka kitochi kwenda simu janja huuliza swali moja dukani: hii bei gani? Swali hilo hujibiwa kwa sekunde mbili na halimsaidii kitu. Kitochi ukishakilipia mmemalizana. Kinachobaki ni vocha. Simu janja unailipia siku ya kwanza, kisha unaendelea kuilipia kidogo kidogo: bando, chaji, kioo kikipasuka, betri ikichoka, na mwisho siku ambayo programu unayoitegemea inakataa kufunguka kwa sababu mfumo wa simu umepitwa. Hapa tunazipima aina nne za simu ambazo mtu huyu huwekewa mezani, na kipimo ni kimoja: kila mwezi wa matumizi unamgharimu kiasi gani.

Hesabu kwanza

Tuseme simu janja mpya ya bei ya chini kabisa inauzwa 100. Sarafu si hoja, uwiano ndio unaotakiwa. Weka bei za unakonunua. Simu ya namna hiyo, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 2 na hifadhi ya GB 32, hutumika bila karaha kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Baada ya hapo huanza kuganda, hifadhi hujaa, na mwenyewe huanza kuangaliaangalia simu za wenzake. Gawanya 100 kwa miezi 18, unapata 5.6 kwa mwezi.

Sasa chukua simu ya 170 yenye RAM ya GB 6, hifadhi ya GB 128 na ahadi ya masasisho ya usalama kwa miaka minne. Ongeza betri mpya katikati ya safari, tuseme 15. Jumla ni 185 kwa miezi 48, yaani 3.9 kwa mwezi. Simu iliyoonekana ghali pale dukani imekuwa nafuu kwa karibu theluthi, na katika miaka hiyo minne yule wa simu ya 100 atakuwa ameshanunua ya tatu.

Hesabu hii huvunjika kwa kitu kimoja: simu kuanguka. Kioo ndicho kipuri ghali kuliko vyote, na kwa simu za bei ya chini kukibadilisha huweza kula sehemu kubwa ya bei ya simu yenyewe, kiasi kwamba wengi huitupa. Kwa hiyo kava lenye kingo zilizoinuka kidogo juu ya kioo, pamoja na protekta ya kioo, viingie kwenye bajeti ya siku ile ile. Kava linalonunuliwa "mwisho wa mwezi" huwa linakuja kufunika ufa.

Angalia pia kama boksi lina chaja. Simu nyingi siku hizi huja na waya peke yake, na mtu huchomeka chaja ya kitochi chake cha zamani. Chaja hizo nyingi hutoa wati 2 mpaka 5. Betri ya 5000 mAh (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ikichajiwa kwa wati 5 itachukua zaidi ya saa nne, na ukiwa unaitumia huku inachaji huenda isijae. Hapo ndipo watu hurudisha simu dukani wakidai betri ni mbovu, kumbe kosa ni la chaja.

Bando ndilo bili kubwa

Hapa ndipo pesa nyingi huenda bila mtu kuona. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp ni kilobaiti chache, hauna uzito. Simu ya sauti ya WhatsApp hula takriban nusu MB kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ni MB 30 hivi. Ukiwasha kamera, hesabu hupanda mpaka karibu MB 5 kwa dakika, yaani MB 300 kwa saa. Redio ya mtandaoni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia MB 29 kwa saa. Video ndiyo mlaji mkuu: Netflix yenyewe inataja hadi GB 0.3 kwa saa kwa ubora wa chini, hadi GB 0.7 kwa ubora wa kati, na hadi GB 3 kwa picha safi. Maana yake, mtu mmoja akitazama saa moja kwa ubora wa juu anatumia data ambayo mwingine angezungumza nayo kwa sauti saa mia moja.

Kwa aliyetoka kwenye kitochi, shida kubwa ni data inayoondoka simu ikiwa mfukoni. Simu mpya ikiwashwa tu hutaka kujisasisha yenyewe pamoja na programu zote ilizokuja nazo, na siku hiyo ya kwanza inaweza kumaliza GB 2 au 3 kabla hujatuma hata salamu. Iwashe mara ya kwanza penye Wi-Fi, uiache imalize. Kisha rekebisha mambo manne. Kwenye mipangilio ya mtandao, washa kiokoa data na uweke kikomo cha mwezi, ili simu ijikate yenyewe kikifika. Ndani ya WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye upakuaji wa moja kwa moja unapotumia data ya simu. Makundi ya familia na ya kazini hutuma video kwa fujo, na zisipozuiwa zote huingia kwako kwa gharama yako. Kwenye Play Store, chagua programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Na kwenye mitandao ya kijamii, zima video kujicheza zenyewe. Ukifanya haya manne, bando lililokuwa likiisha wiki mbili linaweza kufika mwezi bila kubadili tabia yoyote nyingine.

Redio ina mtego wake. Vitochi vingi vina redio ya FM inayoshika mawimbi bila waya. Simu janja yenye FM huhitaji earphone za waya zichomekwe, kwa sababu ule waya ndio antena. Simu isiyo na tundu la milimita 3.5 mara nyingi haina FM kabisa, na msikilizaji wa kila siku anajikuta ananunua bando ili asikilize kilichokuwa bure. Saa nne za redio kwa siku kwa kiwango tulichotaja ni kama GB 3.5 kwa mwezi. Kwa mtu wa redio, tundu hilo dogo lina thamani kuliko kamera ya tatu.

Chaji

Nokia 105 ya mwaka 2013 ilikuwa na betri ya 800 mAh na ilitangazwa kukaa siku 35 ikiwa imewashwa tu bila kutumika. Simu janja yenye betri kubwa mara sita yake hukaa siku moja, mbili ukijibana. Kioo na intaneti ndivyo vinavyokula.

Kwa mwenye umeme nyumbani, gharama hii haifai hata kuijadili. Betri ya 5000 mAh kwa volti 3.85 hubeba takriban saa-wati 19 za nishati; ukijumlisha upotevu wa chaja ni kama 25. Ukichaji kila siku mwaka mzima umetumia uniti 9 hivi. Kwa anayelipia kila anapochaji, hesabu ni nyingine kabisa, maana analipa kwa mara na si kwa wati. Kitochi kilichochajiwa mara moja kwa wiki kilikuwa na malipo 52 kwa mwaka. Simu janja inayochajiwa kila siku ina 365. Malipo hayo ya mwaka mmoja yanaweza kupita bei ya power bank nzuri, au hata ya paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB. Ukinunua power bank, usidanganywe na namba: ile ya 10,000 mAh hubeba saa-wati 37, na baada ya upotevu wa pande zote mbili itaijaza betri ya 5000 mAh mara moja na kidogo, haifiki mara mbili.

Betri zenyewe huzeeka. Nyingi hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi kamili ya kuchaji, ambayo kwa mtumiaji wa kawaida ni mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unazitaka simu zinazoingizwa sokoni mwake zihimili mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80, na vipuri vipatikane kwa miaka saba. Toleo la simu linalouzwa Ulaya kwa hiyo lina nafasi nzuri zaidi ya kupata betri na kioo halali miaka mitano mbele, popote ulipo. Adui mkubwa wa betri ni joto: simu inayochajiwa ikiwa chini ya mto, au iliyoachwa kwenye dashibodi juani, huzeeka haraka kuliko inayotumiwa sana.

Aina ya kwanza: kitochi chenye intaneti

Hizi ni simu za batani zenye 4G, nyingi zikiwa na mfumo wa KaiOS. Zilipata umaarufu kwa sababu zilikuwa na WhatsApp kwa bei ndogo. Sababu hiyo imekufa: mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na sasa huwezi kuiweka upya. Muuzaji anayekuonyesha alama ya WhatsApp kwenye boksi anakuuzia mzigo wa zamani. Kwa sauti safi za 4G, tochi, na baadhi kugawa intaneti kwa kompyuta, ni kifaa kizuri. Kama daraja la kuelekea simu janja, hapana.

Aina ya pili: simu janja mpya ya bei ya chini kabisa

Nyingi hutumia Android Go, toleo jepesi ambalo Google ililitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Linapunguza uzito, lakini halifanyi muujiza. Ukiinunua simu ya GB 32, ujue mfumo na programu zilizokuja nazo zinaweza kuchukua nusu yake. WhatsApp na picha zake hujaza iliyobaki ndani ya miezi michache, na hifadhi ikikaribia kujaa simu nzima hupungua kasi, hata kibodi huchelewa kutokea. Memori kadi husaidia picha na video, lakini programu nyingi na data zake hubaki kwenye hifadhi ya ndani, kwa hiyo ule ujumbe wa "nafasi haitoshi" hurudi.

Tangazo la RAM nalo lisomwe kwa macho mawili. Stika ikisema "GB 4" na chini kwa herufi ndogo "2+2", RAM halisi ni 2. Mbili za pili ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi za simu hizi, za aina ya eMMC, ni za mwendo wa kobe ukilinganisha na RAM. Kipande hicho husaidia kidogo programu zisizimike nyuma. Hakiiongezei simu kasi. Hesabu namba ya kwanza tu.

Kisha prosesa, ubongo wa simu. "Core nane", yaani prosesa yenye vitengo vinane vya kufanyia kazi, ni maneno yanayouza, ila core zinatofautiana. Helio G36 ina core nane zote za Cortex-A53, muundo uliotangazwa mwaka 2012. Unisoc T606 nayo ina nane, lakini mbili ni Cortex-A75 zenye nguvu zaidi na sita ni A55. Mkononi tofauti inaonekana pale pale: fungua kamera, rudi nyumbani, fungua ramani. Kwenye ya kwanza utahesabu sekunde, kwenye ya pili utaendelea na kazi.

Hukumu yetu: inamfaa mtu wa simu za sauti, WhatsApp, pesa za simu na picha moja moja. Ukijua utataka programu ya benki, ramani, masomo ya video au biashara ya mtandaoni, usiinunue. Unaahirisha matumizi, huokoi.

Aina ya tatu: ya kati-chini, na ndiyo tunayoipendekeza

RAM ya GB 4 ni mwanzo, 6 ni starehe. Hifadhi GB 128. Prosesa kama Helio G99, yenye core mbili za A76 na iliyotengenezwa kwa nanomita 6, humeza chaji kidogo kuliko zile za nanomita 12 au 28. Zaidi ya vyote, tafuta ahadi ya masasisho iliyoandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Samsung ilipoitoa Galaxy A16 mwishoni mwa mwaka 2024 iliahidi matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama, jambo ambalo zamani lilikuwa la simu za bei ya juu peke yake. Simu nyingine za bei ile ile hupewa miaka miwili, na nyingine hazitamkiwi kitu. Miaka huhesabiwa tangu modeli ilipoanza kuuzwa, si tangu siku uliyoinunua. Modeli ya miaka mitatu iliyopita iliyopunguzwa bei ina masasisho ya miaka mitatu pungufu.

Masasisho ndiyo yanayoamua tarehe ya kifo cha simu. Programu za benki huwa za kwanza kugoma kwenye mfumo wa zamani, WhatsApp hufuata baadaye. Simu yenyewe bado inawaka, kioo kizima, betri nzuri, lakini kazi uliyoinunulia haifanyiki.

Kamera zisikupotezee muda. Sensa ya megapikseli 50 kwenye simu hizi kwa kawaida huunganisha vitone vinne kuwa kimoja na kutoa picha ya megapikseli 12.5, na hilo ni jema hasa penye mwanga hafifu. Zile kamera nyingine za megapikseli 2 zilizopangwa pembeni ni mapambo. Kamera mbili za kweli zinashinda nne za kuhesabu.

Kioo cha IPS au AMOLED? AMOLED ina weusi wa kweli na inasomeka vizuri zaidi juani, lakini kikipasuka kipuri chake ni ghali zaidi, na fundi akikuwekea cha bei rahisi rangi hugeuka na alama ya kidole ya chini ya kioo inaweza kukataa. Kwa mtu anayetoka kwenye kitochi kilichozoea kuanguka sakafuni, IPS yenye pikseli 720 kwa 1600 ni chaguo la busara lisilosifiwa kwenye matangazo.

Aina ya nne: simu ya juu iliyotumika

Kwa bei ya simu mpya ya kati unaweza kupata simu iliyokuwa ya kifahari miaka mitatu iliyopita, yenye kamera na prosesa vinavyoizidi mbali. Ni biashara nzuri kwa anayejua kukagua, na shimo kwa asiyejua. Ukaguzi ufanyike kabla pesa haijatoka, na uanze na akaunti. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu yote, kisha iwashwe upya. Ikidai akaunti ya mwenye zamani, irudishe mezani: tangu iOS 7 ya mwaka 2013 na Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofungwa kwa akaunti haifunguki kihalali bila mwenyewe, na ahadi ya "fundi ataitoa" ni ahadi ya kukuuzia tatizo.

Piga *#06#. Namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 ilingane na ya boksi na ya kwenye mipangilio. Weka laini yako, piga simu, isogeze sikioni: kioo lazima kizime. Kisipozima, mara nyingi kioo kimebadilishwa na sensa ikavurugwa, na utakuwa unakata simu kwa shavu. Fungua ukurasa mweupe kisha wa kijivu, angalia mistari ya kijani au kivuli cha vitufe kilichoganda. Laza simu kwenye meza tambarare. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, au mgongo umeachia upande mmoja, betri imevimba, usiendelee. Kwenye iPhone soma afya ya betri. Chini ya asilimia 80 weka bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Kwenye Android isiyoonyesha, cheza video mwanga ukiwa wa mwisho kwa dakika 30. Ikishuka zaidi ya asilimia 10, betri imechoka. Mwisho chomeka chaja na uutikise waya kidogo. Chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea au limejaa uchafu wa mfukoni, na hivyo viwili fundi huvitofautisha kwa kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa.

Hata simu mpya inaweza kuwa bandia. Zipo zilizochezewa programu zionyeshe GB 256 ilhali ndani kuna 16. Ukurasa wa mipangilio hudanganya. Programu ya bure kama CPU-Z husoma jina la prosesa, ulilinganishe na la boksi. Kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya chini kabisa, angalia kama kifaa kimeidhinishwa na Google. Kisipoidhinishwa, programu za benki nyingi hazitakubali.

Ukinunua kwa mkopo

Usiulize malipo ya siku, uliza jumla. Mfano: simu ya 100 taslimu, kianzio 25, kisha 0.35 kila siku kwa siku 365. Ule 0.35 unasikika kama chenji, lakini jumla ni 152.75. Kwa pesa hiyo ungekuwa jirani na aina ya tatu. Simu hizi pia huja na programu ya kufunga kifaa ikiwa malipo yamechelewa, na haitoki kwa kuifuta simu. Kabla ya kusaini uliza vitu viwili: simu ikiibwa au ikivunjika deni linaendelea? Na ikifungwa, namba za dharura na laini yako bado zinafanya kazi? Majibu ya mdomo hayatoshi, yawe kwenye mkataba.

Mtandao wa unakotumia

Simu ya 5G penye 4G peke yake ni pesa iliyolala. Jambo la kuulizia ni VoLTE, yaani kupiga simu za kawaida kupitia 4G, kwenye mtandao wako hasa. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, Australia ikafuata mwaka 2024, na simu nyingi zilizokuwa zikishika intaneti ya 4G vizuri zilishindwa kupiga simu kwa sababu hazikuwa na VoLTE iliyokubaliwa na kampuni. Simu iliyotumika kutoka nchi nyingine ndiyo yenye hatari hiyo zaidi. Weka laini, zima Wi-Fi, piga simu, na uangalie alama ya juu: ikishuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G wakati wa mazungumzo, VoLTE haifanyi kazi.

Siku ya kuhama

Laini ya kitochi mara nyingi ni ile kubwa ya milimita 25 kwa 15. Simu janja hutaka laini ndogo iitwayo nano, 12.3 kwa 8.8. Kuikata kwa mkasi kunawezekana kwa ukubwa, lakini unene nao unatofautiana: ya zamani ni milimita 0.76, nano ni 0.67. Laini iliyokatwa huingia kwa kubanwa, na siku ya kuitoa inang'oa vijisindano vya ndani. Nenda kwa kampuni yako ya simu ikubadilishie, namba inabaki ile ile.

Kabla ya hapo, okoa majina. Hapa ndipo wengi hulia. Majina yaliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kitochi hayaendi na laini, na yaliyo kwenye laini ya zamani hayaji kwenye laini mpya. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwenye kitochi fungua majina, tafuta "nakili", chagua kutoka simu kwenda laini. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi na kila jina lina herufi chache, kwa hiyo "Mama Asha Mshonaji wa Sare" anaweza kufika akiwa "Mama Asha Msho". Mwenye namba mbili atagawanyika mara mbili. Kitochi chenye Bluetooth kinaweza kutuma majina moja kwa moja na kuepusha hayo. Laini kubwa haiingii kwenye tundu la nano, kwa hiyo kama huna Bluetooth, muombe anayekubadilishia laini ahamishe majina kwa kisomaji chake kabla hajaiua ya zamani. Yakishafika kwenye simu janja, yahifadhi kwenye akaunti ya Google, usiyaache kwenye laini tena.

Mwisho, kufuli. Kufunga kioo peke yake hakutoshi, maana mwizi huchomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, akaanza kupokea namba za uthibitisho. Weka PIN kwenye laini yenyewe, kupitia mipangilio ya usalama. Kwanza ijue PIN iliyowekwa na kampuni, iko kwenye kadi iliyobeba laini. Ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Kadi hiyo yenye PUK itunze nyumbani, isikae kwenye kava la simu.

Kitochi chenyewe usikiuze, hakitakupa pesa ya maana. Chaji betri yake mpaka nusu, itoe, ihifadhi pembeni penye ubaridi, na uichaji tena kila baada ya miezi michache. Simu janja ikiwa kwa fundi siku tatu, utahitaji adapta ya plastiki ya kurudisha nano kwenye ukubwa wa zamani. Ilipokuja laini mpya, kadi iliyoibeba ilikuwa na alama za kukatia ukubwa wote, na fremu hiyo uliyoibandua ndiyo adapta yenyewe. Usiitupe.